Unatafuta shawarma nzuri Kitengela? Tazama chuma, usitazame bango

Leo tuzungumze habari ya tumbo, kwa sababu ni swali ambalo watu wetu waliohamia bara huniuliza kila mara: huku Kitengela mtu atapata wapi shawarma ya maana, na atajuaje kuwa ni halali? Anayeuliza huwa ni mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyekuja kikazi, au mzazi aliyemleta mwanawe chuoni. Ameshapita barabara ya Namanga jioni, ameona mabango ya shawarma, amenunua, na alichopewa ni chapati iliyofungiwa vipande vya kuku wa kukaanga, kabeji na tomato sosi.

Jibu langu huwa si jina la duka. Maduka hufunguliwa na kufungwa, na mpishi mzuri akipata mshahara bora Nairobi huondoka na mkono wake. Ninachoweza kumpa msomaji ni namna ya kutazama na namna ya kuuliza. Ukishaelewa jinsi shawarma inavyoiva, utaijua nzuri ukiwa bado umesimama nje, kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Nayasema haya kama mtu aliyeishika kazi hiyo. Nina diploma ya mambo ya hoteli, na nilifanya kazi jikoni upande wa Nyali na Bamburi hadi korona ilipofunga hoteli mwaka 2020. Tangu hapo maisha yamenileta Kitengela, na majirani zangu ni watu wa kila kabila la Kenya.

Jina moja kwa lugha tatu

Shawarma, doner na gyro ni majina matatu yenye maana moja. Waturuki huita doner kutokana na neno lao la kuzunguka. Waarabu wa Sham walichukua neno jingine la Kituruki, çevirme, lenye maana ya kuzungusha, na likageuka katika ndimi zao kuwa shawarma. Wagiriki nao wakaita gyro, yaani mzunguko. Kwa hivyo jina lenyewe limekwisha kukuambia sharti la kwanza: nyama izunguke.

Zamani nyama ilizungushwa juu ya makaa ikiwa imelala, kama mshikaki mkubwa. Katika karne ya 19, kwenye miji ya dola ya Uthmaniya, wapishi walikisimamisha chuma wima na kuweka moto ubavuni. Mji wa Bursa ndio unaotajwa zaidi, na familia ya İskender Efendi hudai kuwa ndiyo iliyoanza. Nyama ikilala juu ya makaa, mafuta hudondoka motoni, moshi huwaka na nyama huungua. Ikisimama, mafuta ya juu huteremka polepole yakiilowesha nyama ya chini, nayo hujipaka yenyewe mchana kutwa.

Kutoka hapo chuma hicho kimetembea kuliko mabaharia. Wagiriki waliohamishwa kutoka Asia Ndogo baada ya vita vya 1922 walikwenda nacho Ugiriki. Walebanoni walikipeleka Mexico. Wahamiaji wa Kituruki wakakiuza Berlin tangu miaka ya 1970, na katika miaka hiyohiyo viwanda vya Chicago vikaanza kutengeneza nyama ya gyro kwa wingi na kuisambaza Marekani. Sisi wa Pwani wengi tuliijua shawarma kwa jamaa zetu waliofanya kazi Jeddah, Dubai na Muscat, na ikatukaa kwa urahisi kwa sababu viungo vyake tulikuwa navyo nyumbani. Hata ile sosi nyeupe ya Walebanoni inayoitwa tumu, jina lake ni lilelile la kitunguu thomu chetu.

Lakini shika jambo moja katika safari hiyo. Ugiriki, gyro mara nyingi ni nguruwe. Mexico, chuma cha Walebanoni kiliishia kubeba nguruwe pia. Chuma ni kimoja, mnyama ni mbalimbali. Umbo la chakula halikuhakikishii uhalali wake, na jina la Kiarabu kwenye bango halimsilimishi kuku.

Chuma ni saa

Sasa tuingie jikoni. Nyama hukatwa vipande vyembamba, hulazwa usiku mzima katika siki au ndimu, maziwa lala, thomu, pilipili manga, jira, iliki na mdalasini. Asubuhi hupangwa kwenye chuma kipande juu ya kipande, mafuta yakiwekwa katikati na juu kileleni. Halafu moto wa ubavuni unaiva ngozi ya nje tu. Ndani bado mbichi. Mpishi hukwangua kile kilichoiva, chembamba kama karatasi, kisha husubiri tabaka linalofuata likauke na kupata rangi ya kahawia.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Shawarma hupikwa kwa kasi ya wateja. Wateja wakija kwa mpango, kila mmoja hupata nyama iliyoiva dakika hiyo, ina ukoko nje na unyevu ndani. Wakija wengi kwa pamoja na mpishi asiwe na subira, kisu huingia ndani sana na watu hula nyama mbichi. Wasipokuja, mpishi hupunguza moto ili nyama isikauke, na mnara ule hukaa vuguvugu saa nyingi. Vuguvugu ndiyo hali wanayoipenda vijidudu.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwenye duka ameweka nyama kilo 10. Kwa moto atapoteza kama robo, abaki na kilo saba na nusu. Akiweka gramu 120 katika kila mkate, atatoa shawarma 62 hivi. Ili amalize siku hiyohiyo, kati ya alasiri na saa tatu za usiku, anahitaji mteja mmoja karibu kila dakika tano, bila kukatika. Asipomaliza, ana njia mbili: atupe na ale hasara, au azime moto, alaze kile kilichobaki na akirudishe kesho. Nawe unajua binadamu mwenye kodi ya kulipa atachagua lipi.

Kwa nini Kitengela ni vigumu

Watu hudhani shawarma nzuri hukosekana Kitengela kwa sababu ni bara. Hapana. Hii ni Kaunti ya Kajiado, nchi ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi wa soko la Ilbisil na machinjio ya Kiserian huilisha Nairobi, na hatua chache kutoka Kitengela, pale Athi River, ipo Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950. Ukilinganisha na sisi tunaosubiri ng'ombe wateremke kutoka bara, hawa wamelala juu ya nyama.

Wala watu si wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 150,000 Kitengela. Kinachokosekana ni watu wa saa ya mchana. Mji huu hulala watu wanaofanya kazi Nairobi, Mombasa Road na viwanda vya EPZ Athi River. Mchana mitaa imetulia. Jioni matatu humwaga abiria wote kwa mkupuo. Kisha hao wenye njaa, kila mmoja na matamanio yake: wengi wataka nyama choma na ugali, wengine chipsi, wengine smoki na mayai ya barabarani. Anayetaka shawarma ni sehemu ndogo ya umati huo, na hugawanyika kwa maduka mengi yenye mabango.

Ndiyo maana Isli, South C au Mji wa Kale wa Mombasa shawarma hutulia. Kule wateja huja toka adhuhuri mpaka usiku, na chuma huisha. Kitengela wauzaji wengi wamekwepa hesabu hiyo kwa kuacha chuma kabisa. Hukata kuku, humkaanga kwenye sufuria bapa, hufunga chapatini na kuita shawarma.

Nisiwaonee. Kikaango si dhambi. Kuku aliyeviringwa usiku kucha, akapikwa pale mbele yako akaiva, ni salama kuliko mnara wa nyama uliolala moto mdogo tangu saa nne asubuhi. Hata duka zuri lenye chuma huirudisha nyama iliyokwanguliwa kwenye kikaango ili iive mara ya pili. Kwa hivyo ukiniambia chagua, duka lenye chuma kisichoisha au kibanda cha kikaango chenye foleni, nitasimama kwenye foleni. Ila nitajua nimenunua kuku wa chapati, na nitamlipa bei ya kuku wa chapati.

Mambo ya kutazama ukiwa nje

Kwanza, umbo la nyama. Mnara mzuri huwa mpana juu na mwembamba chini, au umenyooka, na umekatwa sawa pande zote. Ukiuona umeliwa upande mmoja mpaka ndani, na upande mwingine mweupe, mpishi huyo hasubiri moto.

Pili, sauti na majimaji. Nyama inayoiva hutoa mlio mdogo na mafuta yake hung'aa. Nyama iliyosimama bila moto huwa kavu, kama ngozi ya kiatu, na chini yake kuna mchuzi uliogandiana.

Tatu, wakati. Nenda baina ya magharibi na isha, hasa Ijumaa na Jumamosi, chuma kikiwa nusu. Nusu maana yake wenzako wameshakula na bado kinatembea. Saa tano asubuhi nyama iliyokwisha nusu ina maana tofauti: muulize ni ya lini.

Nne, tazama wanaokula ni nani. Jijini New York, mkokoteni wa chakula halali uliokuja kuwa maarufu sana ulianza mwaka 1990, na waliousimamisha mwanzo walikuwa madereva wa teksi Waislamu waliotaka mlo wa moto na wa halali usiku. Huku tunao madereva wa malori ya kwenda Namanga, wanafunzi wa Kisomali, mafundi wa Kiswahili. Wakiwa pale kila jioni, wameshakufanyia nusu ya uchunguzi.

Mayonezi na umeme

Mpwa wangu anasoma chuo kimoja huku. Mwaka jana, baada ya kula kwenye duka moja ambalo sitalitaja, alilazwa siku mbili akitapika na kuharisha mpaka akawekewa maji. Wenzake wawili waliokula naye waliugua vilevile. Sina ushahidi wa maabara, kwa hivyo sitamhukumu mtu. Lakini tukio lile ndilo lililonifanya niache kulichukulia jambo hili kama mambo ya ladha tu.

Kanuni ni nyepesi. Nyama ya kuku iive mpaka katikati ifike nyuzi 74. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, na cha baridi chini ya nyuzi tano. Kati ya hapo na hapo, chakula kisikae zaidi ya saa mbili. Stima ikipotea jioni, friji ikazima na chuma cha umeme kikasimama, saa hizo mbili zimeanza kuhesabika, hata kama duka limewasha mishumaa na muziki unaendelea kwa betri. Duka lenye moto wa gesi lina nafuu hapo.

Hatari nyingine ni ile nyeupe. Mayonezi ya kutengeneza dukani kwa mayai mabichi ikikaa nje ya friji huweza kubeba salmonela. Katika jimbo la Kerala, India, mwanafunzi alifariki mwaka 2022 na wengine wengi wakaugua baada ya kula shawarma, na Januari 2023, kufuatia vifo vingine vilivyohusishwa na chakula cha hotelini, serikali ya jimbo ilipiga marufuku mayonezi ya mayai mabichi. Muulize muuzaji: mayonezi yako ni ya chupa au unapiga mwenyewe? Ukiona ndoo ya sosi imekaa wazi mezani karibu na moto, sema "bila mayonezi, tia ndimu na pilipili." Ladha haitapungua sana.

Swali la halali

Sasa lile ambalo wengi huona haya kuliuliza. Kwa ng'ombe na mbuzi, Kenya ina desturi nzuri ya miaka mingi: katika machinjio mengi ya biashara anayechinja ni Muislamu, ili nyama iliwe na wananchi wote. Nyama ya buchani iliyopita njia hiyo hukupa utulivu. Lakini kumbuka kuwa mhuri wa mkaguzi kwenye paja la ng'ombe unakwambia mnyama hakuwa na maradhi. Hausemi aliyechinja alikuwa nani. Hayo ni mambo mawili.

Kuku ndiye mwenye kuhitaji swali, na shawarma nyingi za Kitengela ni za kuku. Kuku wa kisasa hufugwa uani, huchinjwa uani, na huletwa dukani akiwa tayari kwenye mfuko. Aliyemchinja anaweza kuwa mtu yeyote. Kuhusu chinjo la Ahlul Kitab maulamaa wana maneno yao. Mimi si mwanachuoni, muulize sheikh wako. Ninachoweza kukusaidia ni namna ya kupata habari ya kumpelekea.

Uliza kwa adabu, na usiulize "ni halali?" peke yake. Kila muuzaji duniani atajibu ndiyo. Uliza maswali ambayo jibu lake ni jina au mahali: "Kijana wangu, kuku hawa mwachukua wapi? Nani huwachinja? Hapa jikoni mwapika nguruwe au soseji za nguruwe?" Asiye na la kuficha atakujibu upesi, na mara nyingine atakuita jikoni uone. Akisitasita, mshukuru ununue soda uende zako. Kama ukutani kuna cheti cha halali, kwa mfano cha Kenya Bureau of Halal Certification, soma jina la duka na tarehe ya mwisho. Cheti cha duka jingine au kilichopitwa na muda ni picha tu.

Swali la tatu lina uzito Kitengela, kwa sababu nguruwe ni biashara kubwa huku na mara nyingine huuzwa mlango wa pili. Kisu kimoja, ubao mmoja na mafuta mamoja ya kukaangia huweza kuharibu kila kitu, hata kama kuku alichinjwa na imamu. Na tusiwalaumu wenyewe. Ni chakula chao na mji ni wao pia. Mwenye sharti ndiye anayepaswa kuuliza.

Ukifika Kajiado mjini

Ukiendelea na barabara ya Namanga, upite Isinya, baada ya kama kilomita 50 kutoka Kitengela utafika Kajiado mjini. Huko ushauri wangu hubadilika. Mji ni mdogo, na umati wa kumaliza chuma kila siku ni mgumu kuupata. Ukikuta bango la shawarma, kaa na tahadhari zote nilizozitaja.

Lakini upo katikati ya Umaasaini. Tafuta hoteli ya Waislamu, uliza njia msikitini baada ya swala, uagize mbuzi. Mbuzi aliyechungwa kwenye nyasi za pale, akachomwa na chumvi tu, hahitaji jira wala thomu wala mayonezi. Mtu aliyesafiri mpaka Kajiado akala shawarma ya kikaango akamwacha mbuzi wa kuchoma, huyo amekwenda Lamu akaagiza sadini za kopo.

Tuwe sisi umati

Nimalizie na la kwetu. Watu wa Pwani tulioko Kitengela hupenda kulalamika barazani kuwa huku hakuna chakula. Kisha kila mmoja hununua mahali pake, mara moja kwa mwezi, akaondoka akinung'unika. Kwa hesabu niliyoifanya pale juu, watu 62 kwa siku ndio wanaokifanya chuma kimoja kiishe. Tukihesabu Waswahili, Wasomali, Waborana na wengine wanaotaka chakula cha halali mji huu, watu hao wapo, ila wametawanyika.

Mkipata kijana mmoja anayejibu maswali, anayemaliza nyama yake kila siku na kuosha kisu chake, mpelekeeni biashara. Mwambieni jirani. Agizeni kwake harusi na futari. Akikosea, mwambieni pembeni arekebishe, msimtangaze. Na mkimwona ametupa nyama ya jana, mpeni pole, rudini kesho na wenzenu, kwa sababu amekula hasara ile ili mwanao asilazwe. Duka la namna hiyo likikosa wateja miezi mitatu litafungwa, na bango litakalofuata pale litakuwa la yule wa kuku wa kukaanga na tomato sosi.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.